Pasi ndefu na hatua za mwamuzi: Somo la viwanja visivyo na kamera

KIZINGITINI ni kijiji cha wavuvi kilichoko kaskazini mashariki mwa kisiwa cha Pate, Kaunti ya Lamu. Wenyeji wake, ambao wengi ni Wabajuni, wanajulikana tangu jadi kwa uvuvi wa kamba na samaki wa miambani. Jioni, vyombo vikiwa vimetia nanga, vijana wa huko hufanya lile wafanyalo vijana wa pwani nzima kuanzia Kiunga hadi Vanga: hucheza kandanda.

Katika mechi za vijiji vya kisiwa hicho, iwe ni Kizingitini dhidi ya Faza au Mbwajumali dhidi ya Tchundwa, hakuna chumba cha video wala kamera nyuma ya lango. Mambo huamuliwa na macho ya watu watatu, na mara nyingine ya mtu mmoja tu mwenye kipenga. Wanaoamuliwa nao si wageni. Mshika kibendera huenda akawa mjomba wa winga, na kipa huenda akawa baharia katika mashua ya nahodha wa timu pinzani. Bao lililokataliwa kimakosa haliishii uwanjani. Huenda nalo watu barazani, na hata majini.

Hakuna wakati ambapo mwamuzi hukabiliwa na hatari ya kukosea kuliko pale pasi ndefu inapopigwa kuvuka safu ya mabeki. Pasi fupi humpa nafasi ya kuona kila kitu kwa mtazamo mmoja. Pasi ndefu humtaka aone sehemu mbili kwa wakati mmoja: mguu wa anayepiga mpira, na mwili wa anayeukimbilia mita 40 mbele. Hakuna jicho la binadamu liwezalo jambo hilo. Kwa hiyo waamuzi waliofuzu hutegemea zaidi mahali waliposimama kabla ya pasi kupigwa kuliko ukali wa macho yao.

Sheria ya 11 ya kandanda inasema mchezaji huwa katika nafasi ya kuotea iwapo sehemu yoyote ya kichwa, mwili au miguu yake imo katika nusu ya uwanja ya wapinzani, na iko karibu na mstari wa goli kuliko mpira na kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho. Mikono haihesabiwi. Aliye sambamba na mpinzani huyo yuko salama, na imekuwa hivyo tangu mwaka 1990. Kabla ya hapo, kuwa sambamba kulikuwa ni kuotea.

Jambo ambalo mashabiki husahau ni wakati wa kupima. Nafasi ya mshambuliaji hupimwa pale mwenzake anapougusa au kuucheza mpira, wala si pale yeye anapoupokea. Bodi ya kimataifa inayotunga sheria za mchezo, IFAB, imefafanua kuwa kinachohesabiwa ni mguso wa kwanza wa mpigaji. Kuanzia msimu wa 2025/26 sheria imeweka tofauti moja: kipa anaporusha mpira kwa mkono, kinachohesabiwa ni mguso wa mwisho, yaani pale mpira unapoachana na kiganja chake.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha ugumu wa kazi hii. Iwapo mshambuliaji anakimbilia goli kwa kasi ya mita 7 kwa sekunde, na beki anapanda kwa mita 3 kwa sekunde ili amtege, nafasi kati yao hubadilika kwa mita 10 kila sekunde. Macho ya mshika kibendera yakichelewa kwa sehemu ya tano tu ya sekunde kutoka kwa mpigaji hadi kwenye safu ya mabeki, watu wawili waliokuwa sambamba watakuwa wameachana kwa mita 2. Atamwona mtu aliyeotea waziwazi, atainua kibendera kwa moyo mkunjufu, na atakuwa amekosea.

Ndiyo maana washika vibendera, ambao tangu 1996 sheria inawaita waamuzi wasaidizi, hufunzwa kutoufuata mpira kwa macho. Jicho hukaa kwenye safu ya mabeki. Mpigaji huonwa kwa pembe ya jicho, na mara nyingi huwa ni sikio linalosaidia: kishindo cha kiatu kikigonga mpira husikika vyema katika uwanja usio na kelele nyingi. Hapa viwanja vya vijijini vina nafuu ambayo viwanja vikubwa havina. Palipo na mashabiki mia mbili, mlio wa teke husikika. Palipo na elfu sitini, hausikiki.

Mahali pa msaidizi pametajwa bayana katika miongozo ya waamuzi: awe sambamba na mpinzani wa pili kutoka mwisho, au sambamba na mpira iwapo mpira uko karibu zaidi na mstari wa goli. Kwa umbali mfupi husogea kwa hatua za ubavu kama kaa, kifua kikitazama uwanjani. Pasi ndefu ikipigwa, hana budi kugeuka na kutimka, lakini uso wake usiache kutazama ndani.

Thamani ya kuwa sambamba huonekana mtu anapochora ramani. Chukua uwanja wenye upana wa mita 60, na beki wa pili kutoka mwisho akiwa katikati kabisa, mita 30 kutoka alipo msaidizi. Msaidizi huyo amepitiliza kwa mita 1 tu upande wa goli. Mstari wa macho yake unaopita kwa beki huyo haukati uwanja sawasawa. Unarudi nyuma kuelekea nusu ya uwanja, na ukifika pembeni mwa ng'ambo umepotoka kwa mita 1 kamili. Winga wa ng'ambo ambaye kwa hakika yuko sambamba na beki ataonekana ameotea kwa mita nzima. Wakati huo huo, mshambuliaji aliye mita 10 tu kutoka kwa msaidizi, aliyeotea kweli kwa nusu mita, ataonekana yuko salama.

Msaidizi akibaki nyuma kwa mita 1, makosa hugeuka. Sasa aliye karibu naye na asiye na hatia ndiye huadhibiwa, na aliye ng'ambo aliyeotea huachwa akafunga.

Haya si mambo ya darasani tu. Mabeki wanapopanda kwa ghafla kutega, msaidizi hujikuta amebaki upande wa goli, na winga wa ng'ambo huonewa. Mabeki wanaporudi mbio kuufuata mpira mrefu, msaidizi huachwa nyuma, na winga wa karibu ndiye huonewa. Mwaka 2000 watafiti wa Uholanzi wakiongozwa na Raôul Oudejans walichapisha katika jarida la kisayansi la Nature uchunguzi ulioonyesha kwamba makosa ya kuotea huelezeka kwa pembe ya kutazamia: msaidizi huonyesha kwa uaminifu kile alichokiona, ila alikiona kutoka mahali pasipofaa. Watafiti wengine baadaye walitaja sababu nyingine, kwamba ubongo hukiona kitu kinachokimbia kana kwamba kimetangulia kidogo kuliko kilipo. Sababu zote mbili huenda zikafanya kazi pamoja. Iliyo mikononi mwa msaidizi ni ile ya kwanza.

Shabiki anayedai kuwa mshika kibendera amehongwa angefanya vyema kwanza kutazama miguu yake ilikuwa wapi.

Kuna mtego mwingine ambao huwanasa hata wazoefu. Watu husema "beki wa mwisho", ilhali sheria haimtaji beki. Inataja mpinzani wa pili kutoka mwisho, na kwa kawaida wa mwisho ni kipa. Kipa akitoka langoni kuuwahi mpira mrefu, hesabu hubadilika papo hapo. Katika mechi ya ufunguzi ya Kombe la Dunia mjini Johannesburg, Juni 11, 2010, Carlos Vela wa Mexico alitia mpira wavuni dhidi ya Afrika Kusini, na bao likakataliwa. Wengi walishangaa, kwa kuwa kulikuwa na beki aliyesimama karibu na goli. Lakini kipa Itumeleng Khune alikuwa amekwisha kutoka, na kati ya Vela na mstari wa goli alibaki mtu mmoja tu. Uamuzi ulikuwa sahihi, na ulifanywa pasipo video.

Msaidizi akishajua kuwa mchezaji yuko katika nafasi ya kuotea, kazi haijaisha. Kuwa katika nafasi hiyo si kosa. Kosa ni kuucheza mpira, au kumzuia mpinzani kuuona au kuuwahi. Kwa hiyo kibendera hakiinuliwi kwa pupa. Iwapo mpira mrefu unaelekea kwa aliyeotea lakini mwenzake aliyetoka nyuma, ambaye hakuotea, ana uwezo wa kuufikia kwanza, msaidizi hungoja aone ni nani atakayeucheza. Iwapo hakuna mwingine awezaye kuufikia, au iwapo kipa na mshambuliaji wanakaribia kugongana kwa kishindo, huinua mara moja. Bao si la thamani kuliko mguu wa mtu.

Kibendera huinuliwa kwa mkono wa kulia, maana mkono huo humwacha msaidizi aone uwanja bila kizuizi. Refa akishapiga kipenga, kibendera huelekezwa juu kidogo kuonyesha kosa limetokea upande wa ng'ambo, usawa wa bega kuonyesha katikati, na chini kidogo kuonyesha upande wa karibu. Refa asipokiona, msaidizi hubaki amekiinua hadi hali itakapobadilika au refa atakapompungia mkono.

Subira hii ya kungoja isichanganywe na ile inayoonekana kwenye televisheni. Mpenzi wa soka wa Kizingitini anayetazama Ligi Kuu ya Uingereza huona kila wiki msaidizi akikimbia na kibendera chini, mshambuliaji akifunga, ndipo kibendera kikainuka. Utaratibu huo ulikuja pamoja na VAR, mfumo wa video wa kuwasaidia waamuzi, ulioingizwa rasmi katika sheria mwaka 2018. Maana yake ni kuacha shambulizi likamilike ili video iweze kusahihisha. Pasipo na video hakuna cha kungojewa. Msaidizi wa kijijini anayeuiga huacha wachezaji wakimbie bure na wagongane bure, kisha hufuta bao lililokwisha kushangiliwa. Hakuna njia ya haraka zaidi ya kuuingiza umati uwanjani.

Katika Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022 kila uwanja ulikuwa na kamera 12 za kufuatilia wachezaji, zikisoma alama 29 za mwili wa kila mmoja mara 50 kwa sekunde, na ndani ya mpira mlikuwa na kifaa kilichopeleka ishara mara 500 kwa sekunde ili kubaini wakati mpira ulipopigwa. Yote hayo ni kwa ajili ya kujibu swali lile lile ambalo mshika kibendera wa Pate hulijibu kwa macho na sikio.

Wala mitambo haikuondoa ugomvi. Mei 31, 2019 mjini Radès, Tunisia, katika fainali ya marudiano ya Ligi ya Mabingwa Afrika kati ya Espérance na Wydad Casablanca, bao la kichwa la Walid El Karti wa Wydad lilikataliwa. Wachezaji walitaka video itazamwe, wakaelezwa kuwa mtambo hautumiki, nao wakakataa kuendelea. Kesi ilifika hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo. Timu iliyoahidiwa video na kuikosa ilikasirika kuliko ile isiyowahi kuahidiwa.

Refa wa katikati naye ana shughuli yake. Mpira wa mita 40 hukaa hewani kwa sekunde mbili au tatu. Mtu mwenye mbio nzuri hukimbia mita 14 katika sekunde mbili. Kwa hiyo refa anayeanza kukimbia baada ya pasi kupigwa hawezi kufika. Anayefika ni yule aliyesoma dalili mapema: kiungo ameinua kichwa, ameusogeza mpira mbele ya mguu wake wenye nguvu, na mguu wa nyuma umejivuta. Hapo refa huwa tayari ameshageuka.

Mfumo unaotumika karibu duniani kote ni ule wa ulalo, uliosambazwa katika miaka ya 1930 na Mwingereza Stanley Rous, refa aliyechezesha fainali ya Kombe la FA mwaka 1934 na ambaye baadaye alikuwa rais wa FIFA kuanzia 1961 hadi 1974. Refa hukimbia kwa mshazari kutoka karibu na kona moja hadi kona ya ng'ambo. Wasaidizi wawili hushika pande mbili tofauti, kila mmoja nusu yake ya uwanja. Shabaha ni moja: mchezo uwe daima kati ya refa na msaidizi aliye karibu nao, ili kila tukio lionwe kutoka pande mbili, na refa aweze kumwona msaidizi wake bila kugeuza shingo kabisa.

Kosa la refa mchanga kwenye pasi ndefu ni kuutazama mpira ukiwa hewani. Mpira hewani haumchezei mtu rafu. Rafu iko chini, kule unakoelekea: kiwiko cha beki, jezi iliyovutwa, mshambuliaji anayejiegemeza mgongoni mwa mwenzake ili kuruka. Refa mzoefu huutazama mpira mara moja tu kujua utaangukia wapi, kisha huwatazama watu. Anapokimbia humtupia jicho msaidizi wake, maana huenda kibendera kimeshainuka. Na mpigaji naye hasahauliwi: beki aliyechelewa humkanyaga mara nyingi baada ya mpira kwenda, uwanja mzima ukiwa umeangalia kwingine. Huyo huachiwa msaidizi wa upande wa nyuma, ambaye watu hudhani hana kazi wakati huo.

Refa hakimbilii moja kwa moja mahali mpira utakapoangukia. Hukata kona kidogo ili afike akiwa na pembe ya kuona pengo kati ya wagombeaji wawili. Akiwa nyuma yao moja kwa moja huona migongo miwili tu. Tena akiukaribia mpira kupita kiasi huweza kugongwa nao. Tangu msimu wa 2019/20, mpira ukimgonga refa na kubaki uwanjani, kisha timu ikaanza shambulizi la hatari, au umiliki ukabadilika, au mpira ukaingia golini moja kwa moja, hana budi kusimamisha mchezo na kuudondosha mpira upya. Zamani ulihesabiwa kama umegonga mlingoti.

Pembe hiyo huwa na uzito mkubwa zaidi mshambuliaji anapoangushwa akiwa peke yake na kipa. Ili atoe kadi nyekundu kwa kuzuia nafasi ya wazi ya bao, refa hupima mambo manne: umbali hadi goli, mwelekeo wa mchezo, uwezekano wa mshambuliaji kuumiliki mpira, na idadi na mahali pa mabeki wengine. Hilo la nne haliwezi kujulikana na mtu aliyekuwa akiukodolea macho mpira, na kwenye pasi ndefu ndilo linalobishaniwa zaidi. Yapasa aongeze kukumbuka kuwa tangu 2016, kosa likitokea ndani ya eneo la penalti na beki akiwa alijaribu kwa dhati kuucheza mpira, adhabu ni penalti na kadi ya manjano.

Zipo pasi ndefu ambazo haziwezi kuwa na kuotea hata kidogo, na hapa ndipo makelele ya mashabiki huwa makubwa na elimu ndogo. Mchezaji haotei anapoupokea mpira moja kwa moja kutoka teke la goli, mpira wa kurushwa, au kona. Juni 27, 2010 mjini Bloemfontein, kipa Manuel Neuer wa Ujerumani alipiga teke la goli lililovuka karibu uwanja mzima. Miroslav Klose akampita beki Matthew Upson na kufunga bao la kwanza dhidi ya Uingereza. Hata kama Klose angekuwa nyuma ya mabeki wote, bao lingekuwa halali.

Lakini kipa akiupiga mpira kutoka mikononi mwake mchezo ukiendelea, hilo si teke la goli, na kuotea kupo. Msaidizi wa upande wa kipa husimama sambamba na ukingo wa eneo la penalti kuhakikisha kipa hautoi mpira nje ya eneo hilo ukiwa bado mikononi, kisha hukimbilia mahali pake. Msaidizi wa upande wa pili huwa tayari kwenye safu ya mabeki.

Mechi hiyo hiyo ya Bloemfontein ilitoa somo la pili. Mkwaju wa Frank Lampard uligonga mwamba wa juu, ukadunda ndani ya goli na kurudi, na bao halikutolewa. Msaidizi alilaumiwa na dunia nzima, ilhali kisheria mahali pake palikuwa kwenye safu ya mabeki. Mkwaju wa mbali hufika golini kabla ya mwanadamu yeyote kufika kwenye kibendera cha kona.

Jambo jingine linalohitaji jicho la karibu ni beki anayeugusa mpira mrefu kabla haujamfikia aliyeotea. Beki akiucheza kwa makusudi, mshambuliaji huwa ameokoka. Ukimgonga tu, hajaokoka. Oktoba 10, 2021 katika fainali ya Ligi ya Mataifa ya Ulaya, Theo Hernández wa Ufaransa alimpenyezea Kylian Mbappé aliyekuwa ameotea. Eric García wa Uhispania akajinyoosha na kuugusa mpira, na bao la ushindi likakubaliwa. Malalamiko yalikuwa mengi. Julai 2022 ufafanuzi ukatolewa: mpira umechezwa kwa makusudi iwapo beki alikuwa na uwezo wa kuudhibiti, akiwa na nafasi ya kuuona vizuri na muda wa kujiweka sawa, mpira ukiwa hauendi kwa kasi mno wala haukubadili mwelekeo ghafla. Anayejitupa kwa ncha ya kidole cha mguu hahesabiwi kuwa ameucheza. Refa ndiye mwenye kuona hilo, si msaidizi, na kwa hiyo wawili hao lazima waelewane kabla ya mechi ni ishara gani itakayotumika.

Afrika Mashariki si ngeni katika kazi hii. Mary Njoroge wa Kenya alikuwa miongoni mwa waamuzi wasaidizi wa Kombe la Dunia la wanawake mwaka 2019 nchini Ufaransa. Salima Mukansanga wa Rwanda alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa refa wa katikati katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za wanaume, Januari 18, 2022, Zimbabwe ilipomenyana na Guinea mjini Yaoundé.

Katika mechi nyingi za vijijini, hata hivyo, hakuna wasaidizi waliofunzwa. Kila timu hutoa mtu wake wa kushika kibendera. Desturi ya busara ni refa kuwaita wote wawili kabla ya mechi na kuwaambia mbele ya manahodha kwamba kazi yao ni kuonyesha mpira uliotoka nje tu. Kuotea ataamua mwenyewe. Kuwakabidhi suala la kuotea ni kuwatia majaribuni pasipo sababu. Anayeonea timu yake hulaaniwa na wapinzani, na anayetenda haki hulaaniwa nyumbani.

Refa aliye peke yake hawezi kuufuata ulalo wa Rous kama ulivyo. Akikaa katikati nyuma ya mchezo, kila mshambuliaji mbele yake huonekana sambamba na kila beki. Hulazimika kusogea pembeni na kutangulia, ili aitazame safu ya mabeki kwa ubavu kadiri awezavyo, hata kama kwa kufanya hivyo atakuwa mbali na mpigaji. Atapoteza baadhi ya rafu za katikati ya uwanja. Biashara hiyo ina faida, kwani rafu iliyopita katikati husahaulika, bao haramu halisahauliki. Wachezaji wanaomwona refa akitoka jasho kuufikia mstari huo humvumilia hata anapokosea. Anayeamua akiwa mita 50 nyuma hupingwa hata anapopatia.

Kisiwani, mambo mawili ya ziada huingia katika hesabu. La kwanza ni upepo. Kusi ikivuma, mpira mrefu unaopigwa kuukabili hupungua nguvu na kuanguka mapema, na mgongano hutokea katikati ya uwanja badala ya ndani ya eneo la penalti. Ule unaosukumwa na upepo huteleza hadi kwa kipa. Refa anayejua pepo hupanga mahali pake upya kila kipindi: timu ikishambulia kwa upepo, hutangulia, ikishambulia dhidi yake, hujizuia asije akapitwa na mpira unaorudi. Hapo mvuvi wa Kizingitini ana mtaji ambao refa wa mjini hana.

La pili ni jua. Mechi ya saa kumi alasiri huisha likiwa limeinama, kwani karibu na ikweta magharibi huingia kitambo kidogo baada ya saa kumi na mbili. Iwapo urefu wa uwanja umelala kaskazini kwa kusini, msaidizi wa upande wa mashariki hutazama jua ana kwa ana nusu saa yote ya mwisho, wakati ambao timu iliyofungwa huanza kupiga mipira mirefu mfululizo. Upande huo hupewa msaidizi mzoefu zaidi kati ya wawili, avae kofia yenye ukingo, na refa humwambia mapema kwamba katika dakika hizo naye atasogea karibu zaidi na safu ya mabeki.